Tanga la Mtu Hai

Miaka yote niliyokaanga chapati pale Mugoma senta sikuwahi kununua redio, maana jirani yangu alikuwa Fideli.

Fideli ndiye mpiga ngoma wa kwaya ya kigango chetu. Kila Jumamosi mchana kwaya nzima ilikuwa inafanyia mazoezi uani kwake. Sauti ya kwanza inakaa upande wa jikoni, besi wanakaa chini ya ukingo wa paa, na watoto wa jirani wanajaa kwenye ngazi. Viti vikiisha watu wanapindua vinu na kuvikalia. Mimi napenda nyumba iliyojaa, siwezi kuficha. Nyumba yenye watu wawili na saa ya ukutani hunifanya nipige miayo. Kwa Fideli ulikuwa unapata wimbo, unapata kahawa, na ukikaa karibu na sauti ya pili unapata pia habari za nani kaposwa na nani kakataliwa.

Halafu masika moja Fideli akaanza kusimama njiani. Akitoka shambani anasimama na kutazama migomba ya watu, anasogea kidogo, anasimama tena. Sisi tukacheka pale mgahawani, tukasema mzee siku hizi anakagua mashamba kama bwana shamba. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Miguu ikavimba hadi viatu vya kanisani vikamkataa. Akilala chali anahisi kama anazama, ikabidi alale ameketi, kaegemea mito kama mlinzi wa ghala.

Mkewe, Ildefonsa, akampeleka hospitali. Walirudi na mfuko wa vidonge na maelezo marefu. Presha ilikuwa imekaa mwilini miaka bila tiba, moyo umetanuka, umechoka kusukuma damu. Apunguze chumvi. Ameze dawa kila siku bila kuruka. Asibebe mizigo, atembee taratibu kadiri anavyoweza. Na asipate mshtuko.

Hilo la mwisho ndilo Ildefonsa alilolishika kwa mikono miwili.

Msimlaumu haraka. Fideli alikuwa na kaka yake, Juvenali, naye mpiga ngoma. Juvenali alianguka kwenye harusi kule Mbuba, fimbo za ngoma zikiwa bado mkononi, na hakuamka. Watu wakasema ngoma imempasua moyo. Wengine tulijua kwamba Juvenali aliambiwa ana presha na akasema dawa ni za watu wasio na nguvu, lakini hayo hayakusemwa msibani, na yasiposemwa msibani ndiyo yamezikwa. Yaliyobaki ni ngoma. Na Ildefonsa alikuwepo pale Mbuba. Yeye ndiye aliyemfumba yule shemeji yake macho.

Basi akainyamazisha nyumba.

Kwanza ngoma: akaifunga kwenye blanketi na kuisukuma nyuma ya magunia ya maharage. Redio akaitoa betri. Mazoezi ya kwaya akayahamishia kanisani. Mbuzi wakapelekwa kwa dada yake, kwa kuwa wanalia ovyo. Jogoo naye, masikini, aliwika alfajiri moja karibu na dirisha, na mchana wake tukamwona kwenye sufuria. Akakata nyasi akazitandaza sebuleni na barazani ili nyayo zisisikike. Kutwanga akaacha, mihogo yake ikawa inatwangwa kwangu. Wageni akawa anawapokea njiani, anawanong'oneza hali ya mgonjwa, anawashukuru, anawageuza.

Sisi nasi tukaingia kwenye mkumbo. Waendesha bodaboda wakawa wanazima injini mbele ya ile nyumba na kusukuma pikipiki kwa miguu. Wazee wakawa wanavua kofia wakipita. Mimi mwenyewe, mwanamke ambaye sauti yangu inafika mtoni bila mimi kwenda, nikawa nauliza wateja kwa kunong'ona: "Chapati na maharage, au na chai?"

Siku moja nilimshinda Ildefonsa kwa ubishi nikaingia na bakuli la uji. Fideli alikuwa ameketi kwenye mito, uso umenyauka, anatazama ukuta.

"Shikamoo, mzee Fideli."

"Marahaba, Yuster. Hebu niambie wewe unayejua yote ya senta. Nani amekufa humu ndani?"

"Hajafa mtu, mzee. Mungu apishe mbali."

"Mbona redio imezimwa? Mbona hawatwangi? Nasikia watu wakipita wanapunguza mwendo." Akavuta pumzi. "Mimi nimepiga ngoma za kuanua matanga tangu ujana, nyumba ya msiba naijua hata nikifumbwa macho. Hii ni nyumba ya msiba. Namtafuta marehemu tu."

Nilitoka na ule uji, hakuunywa. Na huku kwetu alikuwa amesema kweli. Mtu akifa, redio inazimwa, kinu kinalala, jembe linawekwa chini, na hakuna wimbo isipokuwa wa kanisa, hadi siku ya kuanua tanga. Siku hiyo ndiyo watu wanakuja, wanakula, wanakunywa, ngoma inapigwa, na waliobaki wanaambiwa rudini kwenye kuishi. Ildefonsa, kwa kumpenda mumewe, alikuwa amemwekea tanga kabla ya kufa.

Wiki ile ile, akifagia chini ya dirisha la chumbani, Ildefonsa akakuta vidonge. Si kimoja. Vimelowa, vimenasa kwenye majani makavu ya migomba. Fideli alikuwa anaviweka chini ya ulimi, mkewe akigeuka anavitema nje.

Nesi Consolatha wa zahanati, ambaye alikuwa anapita kumpima, alikuta presha iko juu na miguu imeanza tena kujaa maji. Akamwambia Ildefonsa mbele yangu, bila kuzungusha: "Mama, hizi dawa ndizo zinazoushikilia moyo. Asipomeza, hatutakuwa na muda mrefu." Ildefonsa alimsihi mumewe, alimlilia, akamwita na padri. Fideli akawa anaitikia kwa upole, "Kesho nitameza." Na Ildefonsa, kwa hofu, akazidi kufunga madirisha.

Hapo ndipo akaja Bukuru.

Bukuru ni rafiki wa Fideli wa tangu ujana. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakalima hapa Mugoma, na yeye alipooa akahamia Bisibo, kule Biharamulo, anakolima mpaka leo. Kazi yake ya moyoni ni kupiga inanga. Ni ubao mrefu uliochongwa ukaingia ndani kama sinia, na juu yake kamba moja inakwenda na kurudi hadi inaonekana kama kamba nyingi. Mpigaji anaupakata. Na huwa haimbi kwa sauti, ananong'ona tu. Maneno yanapita chini ya nyuzi, hadi hujui kama ni mtu anasema au ni ubao.

Nilimwona akishuka kwenye bodaboda, suti yake nyeusi imejaa vumbi, mgongoni kabeba kitu kirefu kimeviringishwa kwenye kitenge, mkononi mkungu wa ndizi. Akaja moja kwa moja mgahawani kwangu na kuniuliza kwa sauti ya chini mjane yuko upande gani. Nikasema mjane gani? Hakunisikia; macho yake yalikuwa yameshaona ile nyumba iliyofungwa, nyasi barazani, mtu anasukuma pikipiki iliyozimwa. Akavua kofia akaenda. Mimi nikaacha chapati kwenye moto nikamfuata, kwa sababu jambo kama hilo si la kusubiri kusimuliwa.

Ildefonsa alitoka kumzuia njiani kama kawaida yake. Bukuru akaweka ndizi chini, kofia akaibana kwapani, akamshika mikono yote miwili, machozi yakimtiririka.

"Pole, shemeji. Pole sana. Nimechelewa, habari ilinifikia Bisibo kwa abiria wa basi. Kaniambia kwa Fideli hapalii hata kuku. Mmezika lini?"

Ildefonsa akageuka kutazama dirisha.

Ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa, ikatoka sauti nyembamba lakini imenyooka:

"Bado hawajazika, Bukuru. Ingia tu. Maiti ameketi."

Jamani. Bukuru aliruka kama aliyekanyaga siafu. Kofia ikaanguka huku, yeye akaanguka kule, juu ya mkungu wake wa ndizi. Kisha ikaja sauti nyingine ndani ambayo hatukuisikia muda mrefu: Fideli anacheka. Anacheka na kukohoa, anacheka na kuhema. Ildefonsa akakimbia ndani anapunga mikono, "Usicheke! Baba, usicheke, moyo!" Na kadiri alivyosema usicheke ndivyo mzee alivyozidi.

Tulipoingia Bukuru alimtazama rafiki yake kutoka kichwani hadi miguuni iliyovimba. Akafuta macho, akakasirika.

"Wewe mtu mbaya. Nimelia kwenye basi kutoka Biharamulo mpaka hapa. Mama mmoja kaninunulia soda kwa huruma."

"Na inanga umeleta?" Fideli akauliza.

"Tuliahidiana nini? Atakayebaki ampigie mwenzake siku ya kuanua tanga. Nimeleta. Sasa nirudi nayo niseme nini Bisibo? Kwamba marehemu kanifungulia mlango?"

"Piga basi. Tanga lipo, hulioni? Lianue."

Ildefonsa akasimama kati yao kama mlango. "Hapigi mtu kitu humu. Bukuru, shemeji yangu, nakuheshimu, lakini mimi nilikuwa Mbuba. Nimeona ngoma inavyoua."

Fideli akamtazama mkewe. Hakuwa na hasira. "Mama, akipiga nitameza vidonge. Asipopiga simezi. Mimi si mkaidi, nimechoka tu kuwa msibani kwangu mwenyewe."

Yule mwanamke alisimama pale, na mimi niliyemjua miaka yote sikujua atafanya nini. Upande mmoja kuna vidonge ambavyo bila hivyo mumewe anakufa. Upande mwingine kuna muziki ambao, kwa alivyoona kwa macho yake, utamwua leo hii. Akanigeukia. "Yuster, kamlete nesi."

Sikumbuki kama nilikimbia au niliruka. Nilimkuta Consolatha anafunga zahanati, nikamwambia chukua kipimo chako twende. Njia nzima nikamsimulia, na alipofika alikuwa anajua hata zile ndizi zimepondeka upande gani.

Consolatha alimsikiliza Ildefonsa hadi mwisho, hakumkatiza. Kisha akasema: "Mama, ulivyomlinda na chumvi na mizigo umefanya vizuri mno, na endelea. Lakini hospitali hawakusema nyumba inyamaze. Walisema asishtuke. Ngoma ya kumfanya aruke, hapana, moyo wake hauwezi sasa. Muziki wa taratibu, anaoupenda, ni jambo lingine. Mtu akiusikiliza pumzi yake inatulia, wasiwasi unapungua, kwa wengine hata presha inashuka kidogo. Tumefundishwa hivyo. Hautibu peke yake, tusidanganyane. Dawa ni dawa. Lakini kama ndio utakaomfanya ameze, mimi nitakaa hapa na kipimo changu, na ukiona kitu kibaya tunaacha."

"Na Juvenali?" Ildefonsa akauliza.

Fideli ndiye aliyejibu. "Kaka alikuwa na presha kama mimi, mama. Aliambiwa. Dawa alizitupa. Nilijua, na msibani sote tulijua. Ngoma ilimkuta tu anaanguka."

Ildefonsa akaketi kitandani, pembeni ya mumewe. Akachukua mkono wa Fideli, akaweka vidole vyake pale mishipa inapopiga. "Mimi nitashika hapa," akasema. "Ukikimbia tu, nazuia." Kisha akampa vidonge na maji, akamwambia atoe ulimi auone. Fideli akatoa ulimi kama mtoto wa chekechea. Havikuwepo.

Bukuru akafungua kitenge, akaupakata ubao, akaanza.

Kwanza nilidhani bado anajaribu nyuzi, jinsi sauti ilivyokuwa chini. Zilikuwa sauti nene zinazopita sakafuni, unazisikia kwa makalio kabla ya masikio. Kisha akaanza kunong'ona, kwa Kirundi, na kwa sisi Wahangaza hiyo si lugha ya mbali. Alikuwa anatunga palepale. Alinong'ona habari za kijana wa Mugoma aliyekwenda Mbuba kutafuta mchumba, kavaa suruali ya kuazima, mbwa wa baba mkwe akamkimbiza hadi kwenye shamba la kahawa, na binti akaja kumtoa huko akiwa kashika ufagio, hajui ampige mbwa au ampige mgeni.

Ildefonsa alikuwa amefumba macho, anahesabu mapigo midomoni. Wimbo ulipofika kwenye ufagio midomo ikasimama. Akafumbua macho. "Bukuru," akasema, "hayo alikwambia nani?" Bukuru akaendelea kunong'ona kwamba binti yule anauliza alikwambia nani. Ildefonsa akacheka na kulia kwa mpigo, na mkono wa mumewe hakuuachia.

Mimi nilikuwa natazama mabega ya Fideli. Siku zote zile alikuwa anahema kwa mabega, yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka kisimani. Polepole yakashuka. Pumzi ikawa inatoka pale nyuzi zinapoteremka. Kichwa kikaegemea mto. Ildefonsa, vidole vyake bado pale pale, akanong'ona naye, kana kwamba ni sehemu ya wimbo: "Yametulia. Yuster, njoo ushike. Yametulia."

Consolatha akapima mwishoni, kama alivyopima mwanzoni. Akasema imeshuka, si sana, imeshuka. Muujiza haukutokea, na miguu jioni ile ilikuwa bado imevimba. Ila usiku ule, Ildefonsa aliniambia kesho yake, Fideli alilala hadi jua likamkuta.

Bukuru alikaa kwao wiki mbili. Ulipofika wakati wa dawa, Fideli anatoa ulimi, Ildefonsa anakagua, ndipo ubao unapakatwa. Sheria ikawa hiyo: kidonge kwanza, wimbo baadaye. Alipolazimika kurudi kwenye mahindi yake, Bukuru alinong'ona nyimbo kadhaa kwenye simu ya Ildefonsa, pamoja na sauti ya sufuria iliyoanguka katikati, ambayo Fideli alikataa isifutwe. Betri zikarudi kwenye redio. Nyasi zikafagiliwa barazani. Asubuhi moja nikasikia kinu, nikatoka nje na unga mikononi kuhakikisha ni cha nani. Ni Ildefonsa, anatwanga mihogo yake mwenyewe.

Maji yakapungua miguuni. Consolatha akamwanzishia matembezi, na namna ya kujipima akampa rahisi: tembea ukiimba wimbo wa taratibu, ukishindwa kumaliza mstari, kaa chini upumzike. Ndiyo maana siku za mwanzo Ildefonsa alikuwa anamfuata nyuma na kigoda kichwani. Mzee anaimba nusu mstari, kigoda kinashuka. Anaimba mstari, kigoda kinashuka. Watu wa senta tukawa tunajua afya yake kwa kusikiliza wimbo umefika wapi. Siku alipotoka mlangoni kwake na kufika mlangoni kwangu na ubeti mzima, mgahawa wote ulisimama ukapiga makofi, na chapati zangu zikaungua, na kwa ule moshi hakuna aliyejua ni nani analia kwa nini.

Hospitali walipompima tena walisema dawa zinafanya kazi, aendelee hivyo hivyo, na atazimeza maisha yake yote. Ildefonsa aliwajibu hilo halina shida, tunao wimbo.

Baada ya mavuno Bukuru akarudi, na ahadi yake ikatimizwa. Tukaanua tanga la mtu hai. Sijawahi kuona uani kwa Fideli pamejaa vile. Walikuja hadi wale wa Mbuba wa harusi ile alikoangukia Juvenali. Kwangu zilitoka chapati, kwao ndizi, na rubisi, ile pombe ya ndizi, kwa waliotaka. Mzee wetu akapewa maji ya ndizi mbivu yasiyochachuka. Chakula chote Ildefonsa alikipika bila chumvi, kwa mgonjwa na kwa wageni, na hakuna aliyethubutu kulalamika isipokuwa besi mmoja aliyesema maharage yale yanafaa kupewa mtu aliyekwishakufa kweli. Mimi nilimletea jogoo, kufidia yule wa sufuria. Akamfunga pale pale chini ya dirisha la chumbani.

Fideli alisimama kushukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Consolatha na wa hospitali, akamshukuru Bukuru kwa kuja kumzika. Akamgeukia mkewe. "Na huyu," akasema, "alininyamazishia dunia nzima ili anisikie napumua. Nani mwingine angefanya hivyo? Asante, mama." Kisha akasema, "Watu wengi husifiwa masikio yameshazibwa. Mimi nimekula na ndizi za rambirambi yangu. Nashukuru sana."

Ildefonsa akainuka. Alikwenda nyuma ya magunia, akarudi na ngoma, bado imo kwenye blanketi. Akaifungua, akampa kijana mmoja wa kwaya aipige. Fideli akawekewa kiti karibu, aweke tu kiganja ubavuni mwa ngoma asikie inavyotembea. Saa ya dawa ilikuwa imefika. Mbele ya kigango kizima mzee akameza, akatoa ulimi, na watu wote wakaukagua.

Kwaya ikaanza. Lakini miezi ile ilikuwa imetuharibu. Tukiwa pale, mbele ya ile nyumba, sauti zetu zilitoka chinichini zenyewe, kijana anaigusa ngoma kama anaogopa kuiamsha, sauti ya kwanza inajificha nyuma ya sauti ya pili. Ildefonsa alikuwa ameketi karibu na mumewe, vidole viwili mkononi mwake kwa mazoea. Akainua mkono wa pili juu. Tukakatika ghafla. Nikajisemea, basi, hofu imerudi.

Akatutazama mmoja mmoja, hadi mimi niliyekaa kwenye kinu.

"Mnanong'ona nini?" akasema. "Imbeni."